Meinswichi ya Sebuleni

Juzi kijana mmoja fundi wa Ruhembe alinipigia simu. Alinipa shikamoo yangu vizuri kabisa, halafu akaniuliza kama niliwahi kufanya kazi nikiwa na homa. Nikamuuliza kwa nini. Akasema ameitwa Mikumi kuongeza soketi kwenye nyumba ya zamani. Amefungua meinswichi ya sebuleni, breka zimejipanga zote, mlango unafunga vizuri, na nyuma yake hakuna waya hata mmoja. Hakuna unaoingia wala unaotoka.

"Na taa zinawaka, bibi," akasema. "Na jina lako limeandikwa kwa penseli ndani ya mfuniko."

Jina ni langu, na sikuwa na homa. Nimeona niandike kabisa, kwa sababu nyumba za namna hiyo zipo kadhaa kuanzia Mikumi hadi huko kwenye miwa. Nyinyi mnaoanza fani mtazikuta, na sipendi simu. Kuongea na mtu nisiyemwona kunanipa shida kuliko kuongea na ninayemwona, na ninayemwona pia ananipa shida.

Hilo niliseme mapema. Mimi nimekuwa mtu wa haya tangu utoto. Nilikuwa nazunguka nyuma ya nyumba za watu ili nisikutane na kundi linalotaka kusalimiwa mmojammoja. Nilipomaliza kidato cha nne Kilosa, mama alitaka niuze kanga sokoni, kazi ambayo mtu anapiga kelele siku nzima kwa hiari yake. Mimi nikachagua umeme, kwa sababu fundi umeme kazi yake anaifanya akiwa amewapa watu mgongo. Unaangalia ukuta, ukuta hauna maswali. Watu wakadhani nina moyo wa chuma, msichana wa kwanza kubeba koleo na bisibisi mtaani kwetu. Nilikuwa najificha tu.

Aliyenifundisha ni Mzee Ngonyani, Mngoni aliyeletwa na mkonge tangu kijana. Alikuwa fundi wa karakana kwenye shamba moja huko Kimamba mpaka shamba lilipoanza kupunguza watu, akahamia kwenye nyumba za watu binafsi. Walimuuliza kwa nini amechukua msichana. Akasema ana vidole vyembamba na hana maneno. Sijawahi kupata cheti kizuri kuliko hicho.

Tulianza na fyuzi za waya, zile za kigae, ambazo wengi wenu mmeziona zimewekwa dirishani kuzuia pazia. Ndani yake unafunga kijiwaya chembamba, mzigo ukizidi kijiwaya kinayeyuka, unafunga kingine. Kimamba kulikuwa na bwana wa duka la baiskeli, nikafungua fyuzi zake nikakuta amefunga spoku. Nikamuuliza, kwa sauti yangu ya chini, imekuwaje. Akasema vile vijiwaya vilikuwa vinamkatikia kila jioni, lakini tangu aweke spoku hajasumbuliwa tena. Alikuwa anasema kweli. Yeye hakusumbuliwa. Iliyosumbuliwa ni dari: ukiinua macho uliona mstari wa kahawia umefuata waya kutoka taa hadi taa, kama mtu aliyemwaga chai juu kwa juu. Mwekeni akilini huyo bwana, kwa sababu mambo mengine yote niliyoyaona baadaye yalikuwa ni yeye tu, amebadilisha shati. Kwake, kitu kizuri ni kile kisichokata.

Halafu ikaja ruksa, kila mtu akaruhusiwa kuagiza bidhaa kutoka nje. Nyinyi hamwezi kujua maana ya duka lililokuwa na chumvi na viberiti peke yake kuamka siku moja lina redio za milango miwili, feni za kuzunguka, na maua ya plastiki yanayonukia. Meinswichi zikaja pamoja na maua. Zamani ulichukua uliyopewa na ukashukuru. Sasa unaambiwa uchague, na sisi kuchagua tulikuwa hatujafundishwa, kwa hiyo watu wakachagua kama wanavyochagua papai. Unainyanyua, unaipiga kidole, unaipima uzito. Nzito ndiyo nzuri. Niliwahi kufungua moja nikakuta kipande cha bati nene kimefungwa nyuma bila kazi yoyote duniani isipokuwa kuongeza uzito. Aliyeitengeneza, huko alikokuwa, alikuwa anatufahamu vizuri sana.

Mzee Ngonyani naye alikuwa na njia zake za kuchagua. Alining'iniza shingoni sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Dukani aliishusha kwenye zile pau za njano ambazo waya za nyutro na za erthi hufungiwa. Shaba haishiki sumaku. Ikishika, basi hicho ni chuma kilichopakwa rangi, na kwa masika ya Kilosa hakichukui muda kitaota kutu, na penye kutu waya haukazi, na waya usiokaza unapata moto. Mwenye duka wa Kihindi pale Kilosa alidhani Mzee anamloga, akawa anamtolea vitu vya stoo ya nyuma ili aondoke upesi. Ndiyo maana tulipata vizuri.

Kisha breka yenyewe. Nzuri ukiibonyeza inaruka na sauti kavu, moja. Mbovu inakwenda huku na huku kama jino la mtoto. Lowesha kidole gumba usugue maandishi. Yakitoka na kidole, usiulize swali jingine. Na angalia ukubwa wake ufuate waya, usifuate tamaa. Breka haiko pale kulinda friji. Iko pale kulinda waya uliozikwa ukutani na uliopita juu ya dari, ambao hamtauona tena mpaka siku ambayo hamtaki kuuona.

Matundu yasiyo na breka yazibeni. Mjusi wa Mikumi anapenda mahali pakavu penye joto, na Mzee Ngonyani, mtu aliyeshika waya hai bila kukunja uso, alikuwa akiona mjusi, yeye anatoka nje na kunituma mimi.

Sasa Mama Tekla. Huyu alikuwa anapikia madereva wa malori pale Mikumi, kwenye kibanda cha kando ya barabara kuu. Mume wake alifariki nyumba yao ikiwa kwenye msingi, na yeye akaipandisha kwa wali na maharage mpaka bati. Kiwanja kilikuwa kwa jina la marehemu, na upande wa marehemu walikuwa na mawazo yao juu ya kiwanja hicho. Aliyesimama kwenye kikao cha ukoo akasema mjane aachwe na wanawe ni mdogo wa marehemu, aliyeitwa Kalisti. Mtu mwingine hakusimama. Kila mtu Mikumi alijua kwamba siku Kalisti akikaa chini, kikao kinaanza upya.

Kalisti alikuwa mfanyabiashara. Alipeleka vitunguu Kariakoo na kurudi na chochote kilichong'aa. Nyumba ya shemeji yake ilipofika hatua ya umeme, alimletea zawadi: meinswichi nyeupe, mlango wa kioo cheusi, breka safu nzima, na kitaa chekundu katikati. Nyumba ilikuwa na vyumba vichache na balbu zisizozidi vidole vya mikono, lakini meinswichi ilitosha hospitali. Mama Tekla alikuwa ameshaifumia kitambaa cha uzi mweupe, chenye maua pembeni na tundu katikati la kitaa chekundu kuchungulia.

Mzee aliivulia sumaku yake. Ikaganda kwenye pau kama kupe.

"Sumaku nayo inajua kitu kizuri," akasema Kalisti, na watu wakacheka.

Mimi nilisugua breka kwa kidole. Maandishi yakanihamia. Nikaficha kidole.

Mzee Ngonyani hakuwa mtu wa kubishana na mteja. Yeye alikuwa na chai. Ilikuwa desturi yake tangu karakana: meinswichi haipandi ukutani mpaka ijaribiwe uani. Anachukua breka ndogo kabisa, ya taa, anaifunga na kipande cha waya mwembamba, anauvuta mpaka kwenye jiko la umeme la sahani mbili, anaongeza na pasi, anabandika sufuria ya maji. Huo ni mzigo mkubwa mara mbili kuliko breka ya taa inavyoruhusiwa. Breka nzima itakata kabla maji hayajaanza kuimba. Chai ikiiva, meinswichi imefeli. Nawaomba mlikumbuke hilo, kwa sababu siku ile alilikumbuka Mzee na mimi tu. Yeye alilieleza, lakini alilieleza akiwa ameinama kukaza skrubu, nusu yake kwa Kingoni.

Umeme tulikuwa tumeuvuta kutoka kibandani. Walikusanyika majirani, wasichana wa jikoni, na madereva wawili waliokuwa wanasubiri wali. Tukaanza na ya Kalisti. Sahani zikawa nyekundu. Maji yakaimba, yakachemka, yakamwagika. Breka haikutikisika. Watu wakapiga makofi. Kalisti akatia majani na sukari kwa mkono wake mwenyewe, akamimina kikombe cha kwanza, akakipeleka kwa Mzee kwa mikono miwili.

"Kunywa, mzee wangu. Hicho ndicho kitu cha kununua."

Mzee akanywa. Hakuwahi kukataa chai maishani.

Zamu ya pili tukaweka ya kwetu. Mzee alikuwa ameinunua kwenye nyumba ya meneja wa shamba la mkonge ilipokuwa inavunjwa: sanduku la chuma la kijivu, lina mikwaruzo, lina breka chache nyeusi ambazo hakuna mtu angezifumia hata leso. Tukabandika maji mapya. Kabla sufuria haijatoa hata ukungu, ikasikika sauti kavu, moja, na sahani zikaanza kupoa.

Dereva mmoja akasema, "Hiyo hata uji wa mtoto haiivishi."

Walicheka mpaka wengine wakashika nguzo. Mzee alinitazama. Maana yake ilikuwa: Vero, wewe ndiye uliyesoma, sema. Na mimi nilikuwa na maneno, yote, yamejipanga vizuri kabisa, lakini watu walikuwa wengi na wote walikuwa na nyuso. Nikainama nikaanza kukusanya vifaa.

Mama Tekla ndiye aliyeukusanya waya. Alikuwa mwanamke asiyeweza kuona kitu kimelala ovyo uani. Aliushika ule uliochemsha chai ya Kalisti, ili aukunje, na nikamwona anauachia. Akaushika tena kwa upindo wa kanga. Ngozi ya waya ilikuwa imelegea kama mshumaa uliosahauliwa juani, na vidole vyake vilikuwa vimechora humo. Aliwakaribisha watu wali, akaniambia nimsaidie jikoni.

Jikoni tulikuwa wawili, na mmoja nilikuwa mimi, kwa hiyo niliweza kuongea.

"Mwanangu," akasema, "waya kama huu ndio utakaopita juu ya kitanda cha wanangu?"

"Wa nyumba ni mnene kidogo, mama."

"Unene huo utaponya?"

"Utachelewesha."

Akageuza wali. Akauliza ile ya shemeji ingekata lini. Nikamwambia haikati, ndani yake hakuna kinachokata, ni swichi tu yenye umbo la breka, na chai ile ilitakiwa isiive. Nikamwambia kwamba ya kijivu ndiyo iliyofaulu. Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yangu ndefu kuliko zote mpaka siku hiyo, na niliitoa nikiwa naangalia mfuniko wa sufuria.

Hakushangaa. Akasema taratibu, kama mtu anayehesabu sahani za wageni: "Nikiikataa, nimemkataa Kalisti mbele ya watu. Akikaa chini, sina kiwanja. Nikiifunga, sina nyumba." Akafunika wali. "Sebuleni kuna ukuta. Na nyuma ya mlango wa jikoni kuna ukuta mwingine."

Ilinichukua muda kuelewa.

"Ya sebuleni niipe waya gani, mama?"

"Usiipe kitu."

"Kitaa chekundu hakitawaka."

"Kitambaa nitakifuma upya," akasema. "Bila tundu."

Nilimpelekea Mzee habari hizo nikidhani atakataa, kwa sababu alikuwa mtu mnyoofu. Akawaza, akauliza kama chai imebaki. Kisha akasema ile ya sebuleni ifungwe kwa makini kuliko nyingine, pimamaji ipite mara mbili kuona kama imenyooka, maana ndiyo itakayotazamwa. Na desturi ya jina la fundi ndani ya mfuniko akataka ifuatwe. Akaniambia niandike la kwangu. La kwake akaliandika kwenye ile ya kijivu, nyuma ya mlango wa jikoni. Nilikuja kufikiri baadaye kwamba alichagua vizuri.

Mngedhani imeishia hapo. Tatizo ni chai. Habari za meinswichi iliyoivisha chai bila kutetereka zilipanda malori na kwenda kote. Tulikuwa tumemfanyia Kalisti tangazo ambalo asingeweza kulilipia. Akaleta boksi zima, kisha maboksi. Watu wakawa wanatuita tuje kuwafungia, na kila nyumba tukakuta kitambaa kimeshafumwa. Mimi nikajifunza kuomba maji ya kunywa, nifuate mama mwenye nyumba jikoni, niseme maneno yangu nikiangalia mfuniko. Wengi walielewa kabla sijamaliza. Ndipo zikatokea hizo nyumba za meinswichi mbili, kijana wangu, moja ya wageni na moja ya kazi.

Waliokataa tuliwaaga kwa heshima, wakatafuta fundi mwingine. Nyumba moja ya huko kwenu Ruhembe jiko lake liliungua asubuhi, watu wote wakiwa kwenye miwa, ashukuriwe Mungu. Tulikwenda kutoa pole. Meinswichi ilikuwa imedondoka na kipande cha ukuta, nyeusi tii, na breka zake zote zimesimama juu kama wanagwaride. Kalisti naye alikuja kutoa pole. Aliiokota, akaipangusa majivu, akawaonyesha watu: hata moto haukuangusha breka hata moja. Na nilisikia mtu nyuma yangu akisema ni kweli.

Nataka mniamini kwamba hakuwa mwongo. Hilo ndilo lililonitesa. Yeye mwenyewe alikuwa nayo kwake. Mke wake nilimwomba maji ya kunywa mapema sana.

Miaka ikapita hivyo. Krismasi moja Mama Tekla alitualika. Wanawe walikuwa wamekua, friji ilikuwa inanguruma, redio inaimba, na binti yake mmoja alikuwa chumbani ananyoosha gauni kwa pasi ambayo kamba yake ilikuwa imechubuka. Mzee Ngonyani alikuwa amekaa na kikombe, mimi nimekaa pembeni ya kabati ambako mtu hakuoni mpaka akutafute. Ghafla nyuma ya mlango wa jikoni nikasikia ile sauti kavu, moja. Redio ikanyamaza. Friji ikanyamaza.

"Tulieni," akasema Kalisti.

Alisimama kwa uzito wake wote. Akakikunja kitambaa kwa adabu, akafungua mlango wa kioo, akaanza kushusha breka mojamoja, na kila moja aliisemesha kidogo. Mama Tekla alisema anaangalia wali. Nikamwona anapita chumbani, anachomoa pasi, anaingia jikoni. Kalisti akaanza kuzipandisha, taratibu, kutoka kushoto. Zile sauti zake za jino la mtoto zilisikika mpaka jikoni. Alipoipandisha ya mwisho, redio ikaimba.

Watoto wakapiga makofi. Kalisti akafunga mlango, akakinyoosha kitambaa, akanitafuta kwa macho mpaka akaniona.

"Unaona, binti? Miaka yote hii. Na nyinyi mlitaka kumwekea shemeji yangu lile sanduku la mkonge."

"Naona, baba," nikasema.

Mzee Ngonyani alikitazama kikombe chake kwa muda mrefu sana.

"Asante, shemeji," akasema Mama Tekla kutoka nyuma ya mlango. Na alikuwa anamaanisha. Alikuwa anamshukuru kwa kiwanja.

Mzee hayupo tena, na Mama Tekla naye tumemzika. Nyumba sasa ni ya wanawe, ina hati, kikao hakina la kusema. Kwa hiyo wewe fundi wa Ruhembe utasema sababu imekwisha, uing'oe ile ya sebuleni, uzibe tundu, upake rangi. Usifanye hivyo. Soketi zako kazivutie kwenye sanduku la kijivu nyuma ya mlango wa jikoni. Fungua mfuniko utaona jina la Mzee. Bonyeza breka usikilize sauti, ndipo utajua ninachokisema tangu mwanzo. Kama zimechoka, tafuta mpya, na sumaku uende nayo dukani. Halafu rudi sebuleni, funga mlango wa kioo polepole, na kitambaa ukirudishe kama ulivyokikuta. Mzee Kalisti yu hai bado, anatembea kwa mkongojo, na Krismasi hiyo inakuja.